Nilisaini karatasi ya mahudhurio: je, nimekubali mradi?

SWALI: Wakili, salaam aleikum. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama tunaopanda mikoko upande wa Msambweni, Kwale. Mwezi uliopita tuliitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu mradi unaotaka kujengwa karibu na mikoko yetu. Tukapewa soda na nauli, tukasaini karatasi, tukaambiwa mradi ni mzuri. Ripoti ya athari za mradi wenyewe hatukuiona. Je, sahihi yangu ina maana nimekubali? Na kijana wangu anasema nchi zinazoongozwa kwa amri ndizo zitakazoweza mambo ya tabianchi, sisi wa kura na mikutano tutabaki kuongea tu. Ana haki?

JIBU: Waaleikum salaam, Bi Mwenyekiti. Hujakubali chochote. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Lakini ujue itabandikwa nyuma ya ripoti na kuitwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, kwa hiyo usiiache iseme peke yake.

Kijana wako nitamjibu kwa kisa cha hapa hapa Pwani. Septemba 2013 Serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Mojawapo ya miradi hiyo ilikuwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, Lamu, ng'ambo ya mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Amri ilikuwepo, mwekezaji alikuwepo, na Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa leseni. Tungekuwa nchi ya amri, makaa yale yangekuwa yanawaka sasa hivi. Watu husahau hilo wanapoililia serikali ya mkono mmoja: huo mkono hauchagui upande wa mikoko kila mara.

Kilichouzuia mtambo ule si kura. Wakazi wa Lamu, chini ya mwavuli wa Save Lamu, walikata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni za NEMA. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Sababu kubwa inakuhusu wewe moja kwa moja: mikutano ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu walielezwa mradi ni nini, hawakuelezwa utawafanya nini. Mvuvi hawezi kutoa maoni juu ya maji moto yatakayomwagwa baharini ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba kuna maji moto. Mikutano ya utambulisho, jopo likasema, haitoshi kuwa ushirikishwaji wa umma. Isitoshe, ripoti haikuzingatia ipasavyo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Mtambo haukujengwa.

Sasa tazama kanuni zilizotumika kwenye kesi ile, za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003. Mwenye mradi anatakiwa kubandika matangazo mahali pa wazi, kutangaza gazetini kwa wiki mbili mfululizo, kutangaza redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na kufanya angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, akieleza mradi pamoja na athari zake. Hesabu yenu ni mkutano mmoja, bila ripoti. (Soda si kosa kisheria. Niliwahi kushika karatasi ya mahudhurio ambayo nusu ya majina yake yalikuwa ya watu waliofuata pilau ya harusi nyumba ya pili.)

Fanya hivi wiki hii. Andika barua ya maoni, hata kwa mkono, kwa Kiswahili, useme mlihudhuria siku fulani, ripoti hamkuonyeshwa, na mnaidai. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachokupa haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa Serikali. Peleka nakala mbili ofisi ya NEMA ya kaunti, ya kwako igongwe muhuri na tarehe. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ule muhuri una uzito kuliko sahihi yako ya ukumbini mara mia.

Leseni ikitoka pamoja na hayo, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo, na mkikata, ombeni pia kazi isimamishwe hadi kesi iamuliwe. Siku 60 huisha upesi kijijini, hasa leseni ikitolewa bila ninyi kuambiwa, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuulizia kila wiki mbili. Mlango mwingine ni Kifungu cha 70 cha Katiba: mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kifungu cha 23 cha ile sheria ya tabianchi kinasema vivyo hivyo. Usikubali kuambiwa "shamba si lako, mikoko si yako, umekuja kufanya nini hapa?"

Mahali ambapo kijana wako ana haki ni hapa: mahakama inazuia, haijengi. Lamu walisubiri karibu miaka mitatu kupata hukumu, na hukumu haikuwaletea hata kisima. Pesa za kupanda mikoko, za mabwawa, za kuzuia bahari isile ufuo, zinatoka kwenye bajeti, na huko wengi wetu tunafika watu wakishatoka. Tunajaa mikutano ya Mei wakati makadirio yalishapelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Maamuzi huanzia kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Ukitaka mche wa mkoko uwe na fungu lake, uwe umeuandika Julai au Agosti.

Makueni walikwenda mbali zaidi. Tangu 2015 wana kanuni za hazina ya tabianchi zinazotenga sehemu ya bajeti ya maendeleo, na kamati za wadi zinazochagua miradi, kama mabwawa ya mchanga. Gavana akibadilika, fungu halitegemei huruma yake. Muulizeni mwakilishi wadi wenu kamati ya tabianchi ya wadi ina wajumbe gani na ilikutana lini mara ya mwisho. Kwale mna hoja nzito kuliko wengi: Gazi, jirani zenu, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayofyonzwa na mikoko yao, kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, na wameingiza pesa hizo kwenye maji na shule.

Mkutano ujao nenda na nakala yenye muhuri. Kabla ya kusaini karatasi ya mahudhurio, andika pembeni ya jina lako: "Ripoti sijaiona." Kijana wako naye aje, simu ikiwa na chaji, arekodi.