Fulusi kubadilika rangi akishatolewa majini

SWALI: Fulusi (dorado) akiwa bado kwenye mshipi humeremeta buluu, kijani na dhahabu. Nikimpandisha chomboni hugeuka fedha, kisha manjano, mwishowe kijivu. Je, ameanza kuharibika? Na nifanyeje nipate picha yenye rangi zile?

JIBU: Hajaharibika. Rangi za fulusi huongozwa na mishipa ya fahamu, ndiyo maana hubadilika ndani ya sekunde. Ngozini mna seli zenye chembechembe nyeusi au za manjano: chembe zikitawanyika ngozi hukolea, zikikusanyika hupauka. Seli nyingine, iridofora, hazina rangi yoyote. Zimejaa fuwele nyembamba za guanini (kemikali inayoakisi mwanga) zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na nafasi kati ya tabaka huamua kama utaona buluu au kijani. Mtazame ubavuni anapokata roho: rangi hupita kwa mawimbi, madoa ya buluu huwaka na kuzima, maana amri za mishipa zinakatika ovyo. Sulisuli naye huwasha michirizi ya buluu akifukuza chambo, na akifa hufifia vivyo hivyo.

Kwa picha, usingoje afike sitahani. Mpige picha akiwa ubavuni mwa chombo, bado majini, kamera ikiwa tayari kabla hujamvuta karibu. Jua liwe mgongoni mwako, kasi ya shata (kifuniko cha lenzi kinachofunguka na kufunga) 1/1000 ya sekunde kwa sababu hatulii. Zima flashi, fuwele zile huurudisha mwanga wake na kuacha doa jeupe katikati ya picha. Akishatoka, mmwagie maji ya bahari, kwani ngozi ikikauka mng'ao hupotea upesi zaidi.

Ubora wa nyama usiupime kwa rangi ya ngozi. Angalia macho yaliyotuna, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Hata hivyo kuna hatari ambayo dalili hizo hazionyeshi: fulusi, kama jodari, akikaa kwenye joto bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, ndani ya nyama. Haionekani, huenda isinuke, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mkate matamvua atoke damu mara tu anapouawa, kisha mzamishe kwenye mchanganyiko wa barafu na maji ya bahari, barafu mara mbili ya maji. Akiwa mkubwa, mtoe matumbo kwanza ili baridi ifike ndani, na ongeza barafu kila inapoyeyuka. Aliyeachwa juani kwa saa kadhaa mtupe, hata kama macho bado yanang'aa.