Kwa mnaoanza kazi wodi ya majeruhi huku kusini

Wadogo zangu mnaoripoti Mtwara mwaka huu, karibuni. Nina miaka 16 katika mazoezi tiba, na kuna jambo nililochelewa kulijua: aliyeumia uti wa mgongo au ubongo, siku anayotoka wodini ndiyo siku anayoanza kuishi na jeraha lake. Sisi tunafunga faili, yeye na nyumba yake wanafungua.

Mwaka wangu wa kwanza tulimpokea mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Uti wa mgongo uliumia chini ya kifua. Miguu ikapooza, haja kubwa na ndogo zikawa zinatoka bila yeye kujua. Mfupa ulipotulia niliandika "hali nzuri, aruhusiwe." Mkewe akamchukua kwenda kijijini, Newala. Miezi miwili baadaye wakamrudisha ana kidonda juu ya matako, kirefu mpaka mfupa unaonekana. Yule mama alikuwa akimwogesha na kumlisha kila siku. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu asiyehisi lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Wa kumwambia nilikuwa mimi.

Wewe na mimi hujigeuza usingizini kwa sababu mwili huuma pale ulipolaliwa. Aliyepooza hapati habari hiyo. Damu haipiti, ngozi inakufa, na kitanda cha teremka tukaze chenye godoro jembamba kinaharakisha mambo. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wengi wao walikuwa wakifa kwa vidonda hivi na kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Sehemu kubwa ya alichobadilisha ni vitu ambavyo hata Tandahimba vinawezekana: kumgeuza mgonjwa kwa saa, kukagua ngozi yake, kutoa mkojo kwa usafi.

Huo usafi nao muuulizie kwanza. Mnapomfundisha mtu kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba (katheta) kila baada ya saa nne hadi sita, mnadhani maji yapo. Juu ya uwanda wa Makonde maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu. Muulizeni ndugu ndoo inatoka wapi na nani anaibeba, kisha ndipo mpange.

Aliyeumia juu, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda shingoni, akilalamika kichwa kinampasuka huku uso unatoka jasho, msimpe panadoli mkaondoka. Presha yake huenda inapanda kwa hatari. Mketisheni, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umekunjwa au kuziba, kisha kama haja kubwa imekwama, huku daktari akiitwa. Ndugu nao wafundishwe hili, maana litatokea saa nane usiku mbali na hospitali.

Wa bodaboda waliopigwa kichwa ndio wanaotuponyoka zaidi. Anatembea, anaongea, anawapa watu shikamoo, kwa hiyo kila mtu anasema amepona. Baada ya muda mkewe anakuja kusema kwa sauti ya chini, "Amerudi mtu mwingine." Hasira za ghafla, kusahau, pesa ya korosho kuisha kwa siku mbili. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hushika breki za mtu, ikiumia breki hulegea. Kifafa pia huweza kuanza miezi kadhaa baadaye. Semeni haya mapema, kabla mama wa watu hajaambiwa mumewe amerogwa au kabla hajalaumiwa yeye.

Aliyekatwa mguu chini ya goti msimwekee mto chini ya goti, hata akiomba. Goti likikakamaa likiwa limejikunja, mguu bandia utamshinda. Na akisema vidole ambavyo havipo vinamuuma, mwaminini. Maumivu hayo ni ya kweli.

Karatasi pia ni tiba. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, itunzwe, na aliyeumia kazini asaidiwe kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya miezi 12.

Sasa simruhusu mtu mpaka atakayemhudumia amemgeuza mbele yangu, peke yake, mimi nikiwa nimekunja mikono. Nachukua namba ya simu, wiki ya pili napiga.

Kidonda cha yule mgema kilichukua miezi saba kufunga. Siku za kliniki mkewe humleta, na akimkuta mama mgeni wodini hunitangulia kitandani: "Dada, shika hapa kwenye nyonga, siyo begani. Haya, mvute kwako."