Kabla hujamtia bibi dawa machoni

Bibi yangu wa Ujiji alipoanza kuona ukungu, tulimtia asali machoni karibu mwaka mzima. Asali nilinunua mimi, mwalimu wa biolojia, bila kujiuliza kwanza: ndani ya jicho kimeharibika nini, na kiko wapi?

Kila sehemu ya jicho ina protini zake. Konea, kioo cha mbele ya jicho, imefumwa kwa kolajeni. Machozi yana lisozimu inayobomoa kuta za bakteria. Mwanasayansi Alexander Fleming aliigundua kabla ya penisilini. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina rodopsini ya kuonea kwenye mwanga hafifu, nayo haiundiki bila vitamini A. Mawese yetu mekundu yanaupa mwili cha kutengenezea vitamini hiyo, basi msiyachome mpaka yakapoteza rangi.

Ugonjwa wa bibi, mtoto wa jicho, ulikuwa kwenye lenzi, iliyo nyuma ya mboni. Lenzi imejaa kristalini, protini zilizopangika vizuri hata mwanga unapita. Zile za katikati ziliumbwa kabla hatujazaliwa, na mwili hauzibadilishi tena. Kristalini alfa huzishika wenzake zinapoanza kukunjuka zisigandamane, lakini miaka ikizidi, nayo huelemewa. Hapo mabonge hujitokeza na mwanga hutawanyika.

Nilikuja kuamini nilipopata macho ya ng'ombe machinjioni. Lenzi ilitoka angavu kama tone la maji. Nikaichemsha mbele ya wanafunzi, ikawa nyeupe kama ute wa yai. Kwa mzee si moto; ni umri, jua, sigara, kisukari. Ila protini iliyokwisha gandamana ni ile ile, na sijaona asali inayolirudisha yai la kuchemsha kuwa bichi. Tena vitu vya kutia machoni kama asali vinaweza kuingiza vijidudu kwenye konea, ukaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa macho. Lenzi chakavu hutolewa, ikawekwa ya bandia. Na ukiona mboni ya mtoto mdogo ina weupe, usingoje hata wiki: huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani.

Bibi alifanyiwa jicho la kulia kwanza. Wiki chache baadaye nilimkuta barazani na ungo wa dagaa mapajani, anachambua mchanga mwenyewe. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, la pili lini?"