Mpasheni umepukutisha majani yote kwa baridi: usiung'oe kwanza

Mkuu, umeuliza kama mpasheni wako ulioachwa na majani yote baridi ilipoingia umekufa, na kama uung'oe au uzidishe maji. Weka jembe chini, na maji pia acha. Mimi nusura niumalize mmoja ukiwa mzima kabisa.

Ulikuwa Passiflora incarnata, ule wenye asili ya kusini-mashariki mwa Marekani. Huo baridi ikishika hufa wote juu ya ardhi, kinachobaki ni mizizi tu. Mwezi wa nne mimea mingine yote ilishaamka, kwake kimya. Mwezi wa tano uvumilivu ukaniishia, nikachukua sepetu. Chini kidogo nikakuta machipukizi meupe, manene kama penseli, yamejikunja yakitafuta njia ya kutokea. Mawili nilikuwa nimeshayakata. Nikarudishia udongo kama mtu aliyefumaniwa. Mwaka ule sikuona ua hata moja.

Kwa hiyo kwanza ujue una aina gani. Ukiwa Passiflora caerulea, wenye maua ya buluu na nyeupe na jani lenye vidole vitano hadi saba, ukishakomaa ardhini huweza kuhimili baridi ya hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, japo majani utayapoteza. Ukiwa huu wa matunda tunayokunywa juisi, Passiflora edulis, jani lake lina vidole vitatu na linang'aa. Huo haulali usingizi wa kweli, na barafu inaweza kuuua. Wa hivyo uingize ndani mapema.

Kujua kama shina lina uhai, likwaruze kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya gome, limelala tu. Ukikuta kahawia na ukavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, mpaka karibu na udongo. Hata ukikosa kijani kote, mizizi bado inaweza kuwa hai.

Na tafadhali usipogoe sasa. Yale matawi makavu, hata yakichukiza macho, yanakinga kitako cha mmea. Ngoja baridi kali iishe kabisa. Hupotezi kitu, maana maua hutoka kwenye matawi mapya ya msimu.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mmea usio na majani hunywa kidogo sana. Nilikuwa na mwingine kwenye ndoo ya plastiki ndani ya nyumba, kila Jumamosi naumwagilia kwa huruma. Siku moja nikashika shina pale linapoingia udongoni, gome likatoka kama soksi, na harufu ya kuoza juu. Baridi haikuugusa, ni mimi niliyeuzamisha. Wa kwenye chungu chomeka kidole: udongo wa juu ukiwa mkavu kwa sentimita tatu nne, mpe maji kidogo, basi. Mbolea hapana kabisa mpaka uanze kuchipua.

Ulio ardhini utandazie majani makavu unene wa sentimita 10 hadi 15, ila yasigusane na shina. Wa chungu ulio nje una hatari zaidi kwa sababu mizizi iko karibu na ukingo na huganda upesi. Usogeze ukutani, uzungushie gunia. Ukiuingiza ndani, tafuta chumba chenye mwanga na ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10. Karibu na hita hewa kavu italeta utitiri mwekundu: utaona vidoadoa vya njano juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini, na urudie baada ya siku chache.

Hukusema wako uko chungu au ardhini. Okota jani moja kavu hapo chini, hata lililojikunja, lilowanishe, lifungue polepole, kisha tuma picha nihesabu vidole vyake.