Sisilia kwa gari: usikizunguke kisiwa chote, shika pwani ya magharibi

Mara ya kwanza tulipokwenda Sisilia, mimi na dada yangu tulikodi gari tukataka kukizunguka kisiwa chote kwa siku sita. Sisilia, kusini mwa Italia, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediteranea, zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Kila siku tulifika mjini giza limeshaingia, tukahangaika kutafuta pa kuegesha, tukalala, na kulipokucha tukawa njiani tena. Nilirudi Dar na picha za mahekalu niliyoyatazama kwa dakika ishirini ishirini. Safari ya pili tulichukua upande mmoja tu: Palermo, kisha magharibi, kisha pwani ya kusini hadi Agrigento, siku tisa. Kama unajipanga kwenda, nakusihi ufanye hivyo.

Gari usilichukue siku ya kwanza. Uwanja wa ndege wa Palermo uko nje ya mji upande wa magharibi, kwenye njia hiyo hiyo ya kwenda Trapani. Panda basi au treni uingie mjini, zunguka kwa miguu siku mbili, halafu rudi uwanjani ukalichukue gari. Ukiwa kwenye basi, eneo la Capaci, utaona nguzo nyekundu kando ya barabara. Hapo ndipo bomu la mafia lilipomuua jaji Giovanni Falcone, mkewe na walinzi wake watatu, tarehe 23 Mei 1992.

Mjini Palermo usikose Cappella Palatina, kanisa la mfalme Roger II, lenye dari ya mbao iliyonakshiwa na mafundi wa Kiislamu. Mfalme huyo ndiye aliyemweka mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi katika baraza lake, na kitabu cha jiografia ambacho al-Idrisi alikimaliza mwaka 1154 kinaitaja Malindi. Nilisimama chini ya dari ile nikiwaza kwamba pwani yetu ilizungumzwa humu karibu miaka mia tisa iliyopita.

Sasa gari lenyewe. Beba kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako, na kadi ya benki yenye nafasi ya kutosha, maana watazuia amana. Sisi tuliozoea magari ya Kijapani, kule usukani uko kushoto na unaendesha kulia, na mkono wa indiketa nao umehamia upande wa pili, kwa hiyo siku ya kwanza kila ukitaka kukata kona unawasha waipa. Kwenye kiplefti angalia kushoto kwako kwanza. Nenda polepole, walio nyuma watapiga honi, waache wapite.

Kitu kilichotuumiza ni ZTL. Katikati ya miji mikongwe mingi kuna mitaa ambayo gari la mgeni haliruhusiwi kuingia kwa saa zilizopangwa, na anayelinda ni kamera, huoni askari. Tuliingia mara moja tu. Miezi kadhaa baadaye kadi ya dada ikakatwa ada ya kampuni ya kukodisha, na faini yenyewe ikaja kwa barua. Ukiona kibao kimeandikwa *Zona Traffico Limitato*, geuza. Acha gari nje ya ngome, penye mistari ya buluu ukalipie, au mieupe kama umebahatika. Ya njano usiiguse.

Kutoka Trapani hadi Marsala ni mwendo mfupi, lakini upe siku nzima. Shika njia ndogo ya pwani inayopita kwenye mabwawa ya chumvi. Mimi ni mtu wa Tanga, chumvi nimeiona ikivunwa tangu utoto, ila hii ilinisimamisha. Maji ya bwawa moja ni ya kijani, linalofuata ni la waridi, na kati yake vimesimama vinu vya upepo vya zamani. Chumvi iliyovunwa hurundikwa kama paa la nyumba, kisha hufunikwa vigae vya udongo, kimoja juu ya kingine, ili mvua na upepo visiiguse. Nilichukua punje moja chini ya kigae, nene kama punje ya mchele, nikaitia ulimini. Kaa hapo mpaka jua lizame.

Ukiwa Trapani, liache gari siku moja upande boti kwenda Favignana, penye kiwanda cha zamani cha jodari ambacho sasa ni makumbusho. Kiongozi wa wavuvi wa jodari wa huko huitwa *rais*. Zabibu zao nazo ni *zibibbo*. Masikio yetu yanavikuta vitu hivi njia nzima, kwa sababu Waarabu walioshuka Mazara del Vallo mwaka 827 walikaa na kutawala zaidi ya karne mbili. Mazara simameni mchana, mle kamba wekundu, kisha mkaitazame sanamu ya kale ya shaba ya mcheza ngoma, ambayo wavuvi wa mji huo waliinasa kwenye nyavu zao baharini mwaka 1998.

Agosti epuka, hasa karibu na tarehe 15, kwani Italia nzima iko ufukweni na bei zimepaa. Sisi tulikwenda Septemba, bahari bado ina joto. Selinunte tulitembea magofu asubuhi, na adhuhuri tukaogelea pwani iliyo chini yake, mahekalu yakionekana juu ya mwamba.

Agrigento laleni siku mbili. Ingieni Bonde la Mahekalu kwa lango la juu, la Giunone, asubuhi mapema, kwa sababu kutoka hapo njia inateremka hadi hekalu la Concordia na hamtapanda mlima juani. Bebeni maji.