Makala za utafiti na mlango wa udaktari

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shahada ya teknolojia ya maabara na nimefanya utafiti wa malaria miaka minne hapa Entebbe. Jina langu limo katika makala tatu. Nikiomba udaktari Makerere, utafiti huo utanibeba? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Dada, kwa mlango wa kidato cha sita, hapana. Hapo zinahesabiwa alama tu: A ni 6, B ni 5, C ni 4, na Baiolojia na Kemia huzidishwa kwa 3. A ya Kemia inakupa 18; makala tatu zinakupa sifuri.

Wewe pitia mlango wa wenye shahada, unaotangazwa peke yake. Wengi hujaza fomu isiyo yao na kuachwa, hata wakiwa na vyeti vizuri. Andaa matokeo ya UCE (mtihani wa kidato cha nne) na UACE (wa kidato cha sita), cheti cha shahada na orodha ya alama zake, nakala zikiwa zimethibitishwa. Kama shahada ni ya nje ya Uganda, NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, huilinganisha, anza mapema.

Utafiti utakufaa penye usaili au barua ya maelezo. Usitaje idadi ya makala. Eleza ulichofanya kwa mikono yako: ulisoma slaidi, ulichukua damu, au uliandika takwimu? Wasaili huuliza hasa hapo, na mwandishi wa jina tu hukwama upesi. Barua moja ya msimamizi aliyekuona kazini inazidi tatu za wakubwa wasiokujua.

Na masomo ni miaka mitano, kisha intanshipu mwaka mmoja. Piga hesabu ya karo kwanza.