Beba makande, ila yasiwe ya nazi

Dada, umeuliza ubebe nini kazini chenye ladha ya nyumbani na kisichochacha kabla ya saa saba mchana. Mimi nasema makande, tena bila nazi, maana kwa joto la Dar chakula cha nazi nje ya friji hakiaminiki. Jumamosi usiku loweka maharage na mahindi yaliyokobolewa, Jumapili chemsha sufuria nzima, gawa kwenye makopo, weka friza. Asubuhi kaanga kitunguu na karoti kidogo, mimina kopo moja, acha yatokote kabisa ndipo ufunge kwenye hotpoti. Hotpoti yenyewe isuuze kwanza kwa maji ya moto, la sivyo itanyonya joto lote.

Siku ya uvivu, viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi vinatosha. Wali uliolala nje ya friji usibebe hata ukiupasha. Kuna bakteria wanaoacha sumu isiyotoka kwa moto. Na dagaa, jamani, kwenye ofisi ya kiyoyozi madirisha yamefungwa? Utasemwa mpaka jioni.